Kitanda cha Mkangazi Mbichi

Kibwana mwanangu,

Salamu sikupi, maana tumeamkiana asubuhi, na hivi sasa nakusikia upande wa pili wa ukuta unabishana na mama yako uchukue blanketi lipi. Chukua zito. Huo ndio wosia wangu juu ya blanketi na sina mwingine. Mambo ya kula, ya kulala, ya kuwaamkia watu vizuri na kutofua nguo kwenye maji ya kunywa, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na mara ya tatu aliyasema kwa Kiluguru ili ujue hana mchezo.

Naandika hapa uani, juu ya meza ya kazi, Jumapili alasiri. Penseli ni ile bapa ya kupigia mistari kwenye mbao. Karatasi ni za stesheni, zile za kuandikia mizigo. Ukizigeuza utaona nyuma pamba, ngozi, na magunia ya mtu fulani wa Kilosa. Mwandiko usiucheke. Mimi nilisoma mwaka mmoja na nusu tu kule Bagamoyo, nikafukuzwa kwa kuchonga uso wa mwalimu kwenye mguu wa benchi. Wala hawakunifukuza kwa kuharibu benchi. Walinifukuza kwa sababu ulifanana. Mwalimu alipoinama kuutazama, darasa zima likaona nyuso mbili, na ule wa mti ndio uliokuwa na akili. Wewe uliyekaa shule miaka minne, ungekuwa na kichwa changu, leo boma zima lingekuwa linangoja amri yako.

Haya, nisijisifu sana, karatasi ni chache.

Kesho unapanda kwa mjomba wako Sefu. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na hilo nililijua siku niliyooa. Nilikuja kutoka Kisaki na miguu yangu miwili na fimbo, sikuja na ukoo mgongoni. Mjomba amezeeka, ardhi ya ukoo inataka mtu, na mtu huyo ni wewe. Sikupinga. Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujafika kwake. Ukilisikia kwa mwingine, au ukalikuta limekaa kule msituni linakungoja, sijui utanitazama kwa jicho gani tena. Limo humu ndani ya barua, mbele kidogo. Usiruke. Nakujua, wewe unaruka.

Kwanza nikukumbushe tulivyokuwa.

Reli ilipofika hapa Morogoro nilipata kazi ghalani, na Wadachi wakawa wanafunga ghala kila Jumapili waende kusali. Mimi Jumapili hainihusu, siku yangu ni Ijumaa, lakini mlango ukifungwa umefungwa. Jumapili ya kwanza nililala. Ya pili niligombana na mama yako tangu uji mpaka magharibi. Ya tatu akanitupia kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kilichovunjika mguu, akasema, "Tengeneza hiki, au toka." Nikakitengeneza. Kilisimama kama ng'ombe aliyelewa, lakini kilisimama, na mama yako alikikalia bila kusema neno. Mwanangu, sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata nikaezeka hili banda. Ndipo wakaja hawa wawili, ambao umewaona maisha yako yote ukadhani wamezaliwa humu. Feruzi alikuwa anashona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi, na Mbaraka alikuwa anampikia Mdachi mmoja wa reli. Mbaraka ndiye aliyetuletea randa ya kwanza, bosi wake aliitupa kwa kuwa mpini umepasuka, na masanduku ya bia tuliyokuwa tunayabomoa kupata mbao. Watatu wote si mafundi. Fundi analipwa. Sisi tulikuwa watu wazima wenye siku moja ya kuchezea.

Na utamu haukuwa Jumapili yenyewe. Utamu ulikuwa Jumamosi jioni, tumekaa juu ya magogo, kahawa mkononi, kila mtu anatangaza kesho atafanya nini. Jumamosi hakuna ubao unaopasuka. Jumamosi kila mlango unafunga.

"Kesho natengeneza kabati," anasema Mbaraka.

"La nini?"

"La vyombo."

"Una vyombo wewe?"

"Kwanza kabati."

Feruzi alikuwa anapima mbao kwa utepe wake wa kushonea nguo, na kila kipimo anaongeza kidogo, eti ya kupindia. Mlango wake wa kwanza ulizidi vidole vinne. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Naye kaingia ndani na ule mlango wake, kaurudisha kesho yake umekaa sawa kama ulizaliwa pale. Ndivyo alivyo Feruzi, anakosea mbele ya watu na kusahihisha peke yake. Mimi nilikuwa kinyume chake, na utaona sasa hivi.

Wewe ulikuwa unalala kwenye maranda. Mama yako alikutafuta nyumba nzima, kumbe umejifukia pale chini, pua tu nje. Akitoka juu kwa ndugu zake alikuwa anatuletea majani ya msasa, tunasugulia mbao mpaka zinang'aa, na banda linanuka mti mbichi na majani makavu kwa pamoja. Hata leo nikipita mahali nikasikia harufu hiyo moyo unanyong'onyea, nasimama njiani kama mjinga. Usimwambie mtu.

Feruzi hapa ananichungulia. Anasema, "Bwana we, unaandika barua au unanakili msahafu?" Nimemwambia aendelee na mguu wake wa kiti. Anasema mguu umekwisha. Nimeutazama, haujaisha. Naendelea.

Mwaka ule reli ilipokwisha kuvuka kwenda Kilosa, Wadachi walitangaza kuwa misitu ya juu ni ya serikali. Wakakata mstari mlimani, na ndani ya mstari likaangukia lile chaka la ukoo wa mama yako, lenye makaburi ya wazee wao, mahali ambapo hapakatwi hata fimbo ya kutembelea. Mjomba Sefu akashuka mjini. Hakuja kulia. Alikuja kutaka aandikiwe barua, na wa kumwandikia nilikuwa mimi, shemeji yake, msomi wa familia.

Nikakaa pale pale, juu ya meza hii hii. Yeye anasema, mimi naandika. Alisema chaka lile waachiwe wenyewe walilinde, na kwamba ukikosekana mti hata mmoja asiulizwe mtu mwingine, aulizwe yeye Sefu. Nikamwambia, "Shemeji, hapo pa mwisho tupalegeze kidogo." Akasema, "Andika nilivyosema." Nikaandika. Nikaona maneno yamekaa vizuri, nikamsomea mara mbili kwa sauti, nikijisikia mwenyewe. Bomani wakakubali. Tulirudi tumeshikana mikono kama waliooana jana.

Sasa ndipo lile jambo linakuja.

Miezi haikupita mingi, Feruzi akatengeneza kisanduku chenye droo ya siri. Ukikifungua kitupu, ukibonyeza pembeni kinatoa ulimi, na ndani ya ulimi mna nafasi ya pete. Mji mzima ulikuja kukitazama. Mwenye duka alikuja na mkewe. Mdachi wa Mbaraka alikuja. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetengeneza kigoda, na mke wa mwenye duka akakikalia kwa bahati mbaya, kikamlaza chali.

Jumamosi ile hawakunihurumia. Mbaraka akasema afadhali kigoda kingekuwa na droo ya siri, mama wa watu angeangukia humo. Feruzi akanywa kahawa yake polepole, akasema, "Mwache mwenzetu. Kazi yake yeye ni kuni, ila zinachelewa kufika jikoni."

Ungeniona nilivyosimama! Nikaapa mbele yao kwamba nitatengeneza kitanda cha mkangazi, na kila ubavu wake utakuwa ubao mmoja mzima, bila kiungo, tangu kichwani mpaka miguuni. Wakacheka zaidi. Mkangazi mrefu hivyo utaupata wapi? Mjini haupo, wa reli ni wa reli. Nikasema, "Ninapopajua."

Nilipajua kwa sababu siku nilipooa walinionyesha. Ndiyo desturi yao, mkwe anapelekwa mpaka ukingoni, anaambiwa hapa ndipo wamelala wenyewe, usiingie bila kuja na mmoja wetu. Mimi nikainamisha kichwa kwa heshima zote, na jicho langu moja likaona mkangazi mmoja mchanga, umenyooka kama umepigiwa mstari.

Nilipanda Jumamosi na shoka na tezo, nikamwambia mama yako nakwenda Mzinga kutazama mbao. Nikaukata. Ulianguka taratibu, ukaegemea wenzake kwanza, kama mtu anayetafuta pa kushika. Jumapili ile na mbili zilizofuata nikawa napasua kwa kabari na kuchonga, kisha alfajiri nashusha vipande, hata Mbaraka akaja kunisaidia kubeba. Aliniuliza, "Shemeji yako kakupa ruhusa?" Nikamjibu, "Tena kanichagulia mwenyewe."

Sikuwa mwizi usingizini, Kibwana. Nilijua ninachofanya kila shoka lilipoingia. Nilijua na maneno ya barua, maana niliyaandika mimi.

Halafu sikungoja. Kila mtu anajua mti unakaushwa kivulini, miezi na miezi, umewekewa vijiti katikati upate hewa. Mimi nilitaka Feruzi afunge mdomo mwezi ule ule. Nikaunga kitanda kibichi, maji yanatoka kwenye matundu ya patasi. Kilipendeza, uongo dhambi. Wekundu ule! Watu walikuja kutazama na safari hii walikuja kwangu. Feruzi alikizunguka mara mbili, akapitisha kiganja, akasema, "Leo umeniweza." Neno hilo nililingoja miaka.

Jumamosi ya pili yake tumekaa juu ya magogo kama kawaida. Mimi nilikuwa naranda kibao cha kichwani cha kile kitanda, ndicho kilichobaki. Feruzi akafika amechelewa, hakukaa. Akaniambia, "Shemeji yako kala hamsa ishirini bomani leo. Viboko vyote ishirini na vitano, mbele ya watu. Wamekuta kisiki kule chakani kwao, na yeye akasema ni yake kujibu, kama alivyoandika."

Na mimi baba yako, unajua nilisemaje? Nilisema, "Kwa kosa gani?"

Feruzi alikuwa amekwisha kuniambia kosa. Kisha nikaendelea kuranda. Niliranda ubao ule mpaka giza likaingia, ukawa mwembamba hauna kazi yoyote. Mbaraka alitua kikombe chake chini akaenda zake. Jumapili tatu hakuja. Alipokuja aliketi mbali, akatengeneza kabati lake, na habari ya ule mti hajaitaja mpaka leo. Ukitaka kujua rafiki ni nini, huyo hapo, anakula muhogo wangu.

Jioni ile nilimwambia mama yako. Aliniacha nimalize. Akasema, "Hilo si la kuniambia mimi." Kesho yake akapanda kumuuguza kaka yake, akakaa huko mwezi mzima. Aliporudi alinipa salamu za mjomba. Nakuandikia kama zilivyokuja: "Mwambie shemeji kitanda kikikauka asisahau kukipaka mafuta."

Alijua. Alijua siku ile ile alipolala pale chini bomani, wanahesabu. Angetaja jina langu, ningelala mimi. Alinyamaza kwa ajili ya dada yake, au kwa ajili yako, au kwa kuwa alikwisha kusema aulizwe yeye na hakuwa mtu wa kulegeza maneno. Sijui ni lipi. Sijamuuliza.

Kitanda chenyewe kilipindika kiangazi hicho hicho. Ubavu mmoja ulikwenda kusini, mwingine kaskazini, mama yako akilala upande wake mimi napanda juu. Nikakivunja. Mbao nikatengenezea banda la kuku. Ndiyo, lile unalolifungua kila asubuhi tangu una miaka kumi na miwili. Wazee wa mama yako wamenikuta na mti wao, na juu yake wanatagia kuku.

Tangu hapo sijakanyaga kule juu. Umeniona. Msiba wa bibi yako, nilisema mizigo imejaa stesheni. Harusi ya binamu yako, nilisema mguu. Wewe ulikuwa unanitetea kwa watu, unasema baba kazi inambana, na mimi nilikuwa nakusikia ukinitetea nikakaza skrubu ambayo imekwisha kukazwa. Nyumba ya mjomba wako ni mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, na mimi nimeigeuza ikawa mbali kuliko Tabora. Naye hajashuka mlangoni kwangu. Ndiyo maana kesho haji kukuchukua mwenyewe, mnapanda wewe na mama yako wawili tu.

Sikuambii usijisifu. Ukiacha kujisifu watu watasema si mwanangu. Jisifu, lakini jisifu juu ya kitu kilichokwisha kukauka. Na mtu akikutania juu ya kazi yako, cheka naye, nenda kalale, kesho tengeneza kigoda kingine. Mimi nilijibu utani kwa shoka. Feruzi hata hakumbuki alisema nini siku ile, nimemuuliza sasa hivi hapa, kasema, "Kuni? Mimi nimesema kuni?" halafu akacheka akarudi kwenye mguu wake wa kiti. Neno alilolisahau yeye lilimwangusha shemeji yangu kifudifudi bomani.

Na ukikosa, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, kinywa kingali na joto. Mimi nilidhani nikingoja kidogo nitapata maneno mazuri. Miaka imepita, maneno hayajawa mazuri. Yamezidi kuwa magumu tu.

Utakuwa mwangalizi wa lile chaka siku moja. Watakupeleka ukingoni, na safari hii wewe hutasimama ukingoni kama mimi, utaingia. Utakiona kisiki. Sasa unajua ni cha nani. Kama hutaki kuniandikia kwa muda, nitaelewa. Nitakasirika, lakini nitaelewa.

Mbaraka amesimama, anaaga. Kaniuliza kama Jumapili ijayo tunaezeka upya banda, makuti yameoza upande wa mvua. Nimemwambia Jumapili ijayo sijui kama nitakuwepo. Amenitazama, akatazama mlima, Bondwa leo haina wingu hata moja. Akasema, "Wakati wake umefika, bwana." Feruzi kauliza wakati wa nini. Mbaraka kamvuta mkono wakaenda.

Basi hili ndilo neno langu la mwisho, na barua nakupa usiku huu uisome kabla ya kulala. Stesheni nimeomba ruhusa ya siku mbili, kesho na kesho kutwa. Bwana wa ghala kaniuliza sababu, nikamwambia nina salamu za kupeleka. Mama yako hajui. Kesho mtakapotoka nitakuwa nimesimama hapa uani, nimevaa kanzu, nimeoga. Sitasema kitu. Ukipita ukaniaga, nitakuaga vizuri, nitarudi ndani, na Jumapili ijayo nitapanda peke yangu kumwambia mjomba wako kwa kinywa changu, maana kwenda nitakwenda, hilo nimekwisha kulikata.

Lakini ukipita ukasema, "Baba, twende," nitachukua mzigo wako mzito, lile blanketi, nikufuate nyuma.

Nakuomba useme hivyo. Peke yangu naogopa.

Mimi baba yako,
Ramadhani wa ghalani